Kukubalika, Kukubaliwa na Kukubaliana: Uhakiki wa Lugha ya Darasa Kuhusu Mtoto Mwenye Ulemavu wa Kujifunza

1. Utangulizi

Mtoto aitwapo asimame asome kwa sauti, naye akakwama katika silabi ya pili, darasa hutoa hukumu kabla ya mwalimu. Hukumu yenyewe aghalabu ni kicheko, na baada ya kicheko hufuata jina. Jina hilo hudumu kuliko somo lililolizaa: hubebwa uwanjani wakati wa mapumziko, hupelekwa nyumbani na watoto wa jirani, na mwaka ufuatao humtangulia mwenyewe katika darasa jipya.

Wataalamu wa elimu wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi chini ya mada ya kukubaliwa kwa mtoto na wenzake. Wataalamu wa lugha nao wamelikaribia kwa njia ya istilahi, yaani kwa kuuliza ni neno lipi lifaalo kumwitia mtu mwenye ulemavu na ni lipi lisilofaa. Pande hizi mbili hazijakutana inavyostahili. Makala haya yanakusudia kuhakiki lugha ambayo kwayo darasa humpokea au humtenga mtoto mwenye ulemavu wa kujifunza. Hoja kuu ni kwamba marekebisho ya majina, ijapokuwa yana faida yake, yameelekezwa mahali ambapo jeraha si kubwa sana. Jeraha kubwa limo katika maneno yanayokaa katika ngeli ya watu, katika vitenzi, na katika namna ya kazi ambayo watoto hupewa waifanye darasani.

Hapana budi kubainisha kwanza ni mtoto yupi anayezungumziwa. Mwaka 1963, mtaalamu wa elimu Samuel Kirk alipohutubia mkutano wa wazazi mjini Chicago, alipendekeza istilahi ambayo kwa Kiswahili imekuja kuitwa ulemavu wa kujifunza. Alikuwa na maana ya mtoto ambaye macho yake yaona, masikio yake yasikia, na akili yake kwa jumla haina upungufu, ilhali kusoma, kuandika au kuhesabu humlemea kupita kiasi. Mfasiri na atahadhari hapa, kwa kuwa nchini Uingereza istilahi hiyo hiyo hutumiwa kwa watu wenye ulemavu wa akili kwa jumla. Makala haya yanafuata maana ya Kirk. Inafaa pia kukumbuka kwamba istilahi hiyo iliwafaa wazazi kwa sababu walitaka jina ambalo si tusi. Swali la lugha lilikuwapo tangu mwanzo.

2. Hoja ya ngeli ya KI-VI na kikomo chake

Hoja iliyozoeleka ni hii: Kiswahili kimewaweka watu wenye ulemavu katika ngeli ya vitu. Kipofu, kiziwi, kiwete na kilema huanza kwa kiambishi kile kile cha kiti, kisu na kikombe; kwa hiyo, husemwa, lugha yenyewe imewatoa watu hao katika ubinadamu. Dawa iliyopendekezwa ni kuwahamishia katika ngeli ya M-WA, ndipo yakapatikana mlemavu na, baadaye, mtu mwenye ulemavu.

Hoja hii ina uzito wa kimaadili, lakini kisarufi ni dhaifu. Kwanza, kiambishi ki- hubeba pia kiongozi, kijana, kinyozi na kibarua. Darasani penyewe, mtoto mwenye cheo kikubwa kuliko wote ni kiranja, wala hakuna kiranja aliyelalamika kwamba ameitwa kitu. Pili, upatanisho wa kisarufi katika Kiswahili sanifu hufuata uhai wa mtajwa wala si umbo la nomino. Husemwa kipofu yule amefika, sawa na kiongozi yule amefika. Msemaji akitaka kudunisha hubadili upatanisho wenyewe, akasema kile kipofu kimefika. Lakini aweza kumfanyia vivyo hivyo mtu yeyote, akamwita kijitu kile. Tusi basi limo katika uteuzi wa msemaji, halimo katika nomino kwa asili yake.

Tatu, na hili halijaangaliwa vya kutosha, umbo la mlemavu halina kinga yoyote. Nomino hiyo imeundwa kutokana na kitenzi lemaa kwa kanuni ile ile iliyounda mpumbavu kutokana na pumbaa. Aliyetolewa katika kilema akatiwa katika mlemavu amehamishwa nyumba tu, na jirani yake mpya ni mpumbavu.

Penye ukweli katika hoja ya ngeli ni mahali pengine. Neno kilema lina maana mbili: ni kasoro, na ni mtu mwenye kasoro hiyo. Yaweza kusemwa ana kilema, na yaweza kusemwa ni kilema. Sentensi ya kwanza humpa mtu sifa moja miongoni mwa nyingi alizo nazo. Ya pili humfanya mtu mzima kuwa kasoro yake. Mambo ni hayo hayo katika chongo na kibiongo. Kwa hiyo faida ya mwenye ulemavu juu ya kilema haitokani na kiambishi. Inatokana na kuwa na, kunakochukua nafasi ya ni. Tofauti hii ndiyo itakayofaa kufuatwa darasani.

3. Aibu iliyomo katika ngeli ya watu

Majina ya KI-VI yaliyotajwa ni ya ulemavu uonekanao. Mtoto mwenye ulemavu wa kujifunza hana jina lolote katika orodha hiyo. Hachechemei wala haongozwi kwa fimbo. Uwanjani aweza kuwa mchezaji hodari kuliko wote. Kwa kuwa kasoro yake haionekani, darasa hutafuta sababu katika tabia yake, na lugha huwa tayari na maneno: mvivu, mzembe, mjinga, mpumbavu. Yote ni ya ngeli ya M-WA. Ngeli inayodaiwa kuwa ya heshima ndiyo iliyohifadhi maneno yanayomuumiza mtoto huyu zaidi, maana yanamhesabu kuwa mtu kamili, kisha yanamlaumu kama mtu kamili aliyekataa kutenda awezalo. Kipofu halaumiwi kwa kutoona. Mvivu hulaumiwa.

Neno mjinga lastahili kuangaliwa peke yake. Katika miji ya pwani ya karne ya 19, mjinga lilikuwa pia jina la mgeni, hasa mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara, ambaye hajaijua lugha ya mji wala desturi zake. Lilikuwa jina lenye dharau ya waungwana, na haifai kulipamba. Hata hivyo lilitaja hali yenye mwisho: mjinga aliyekaa mjini aliacha kuwa mjinga. Maana hiyo ingali hai katika methali isemayo kwamba mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Methali hiyo haimsemi mtu wa aina fulani. Yasema juu ya mtu aliye katika safari. Kadhalika wahenga waliposema kwamba kuuliza si ujinga, walimruhusu asiyejua kubaki katika mazungumzo.

Baada ya uhuru wa Kenya mwaka 1963, viongozi walitangaza vita dhidi ya maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Nia ilikuwa njema, na shule nyingi zilijengwa kwa nguvu ya kauli hiyo. Lakini sitiari ya vita ina matokeo yake. Kati ya hao watatu, mwenye maradhi huambiwa pole na mwenye umaskini husaidiwa. Mwenye ujinga huchekwa. Mahali ambapo ujinga ni adui wa taifa, mtoto aitwaye mjinga huonekana kana kwamba amesimama upande wa adui. Neno lililotaja hali yenye mwisho likawa jina la aina ya mtu, na tofauti ya zamani kati ya mjinga na mpumbavu ikafifia. Watoto wa darasa la tatu hawaijui historia hii, lakini wameirithi, na huitumia kila siku.

Kuna pia msamiati wa mwili ambao shule imeukuza. Mtoto mwenye kufaulu ana kichwa. Asiyefaulu ana kichwa kigumu, au ni mzito. Darasa zima huwa kama mnyama mmoja: wako wanaoongoza, na yuko anayeshika mkia. Sitiari hii inafaa kutazamwa kwa makini, kwani haielezi kiasi cha maarifa ya mtoto hata kidogo. Darasa likiwa la wanafunzi 40, wa arobaini atashika mkia hata kama wote 40 wanasoma vizuri. Mkia ni mahali palipotengenezwa na mpango wenyewe, na ni lazima mtu apatikane wa kupajaza.

4. Viambishi vitatu vya kukubali

Katika tafsiri za mada hii kuna maneno matatu yanayotumiwa kana kwamba ni sawa: kukubalika, kukubaliwa na kukubaliana. Mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili hauruhusu usawa huo. Kauli ya kutendeka humweka mtoto katika hali fulani pasipo kumtaja mtendaji: mtoto hakubaliki, kama vile mlango haufunguki. Msikilizaji huulizia kasoro ya mlango. Kauli ya kutendwa hudai mtendaji: mtoto hakukubaliwa, na swali linalofuata ni, na nani? Kauli ya kutendana huwataja wote kuwa watendaji: watoto wamekubaliana. Historia ya utafiti wenyewe yaweza kusomwa kwa kufuata kauli hizi tatu.

Mwaka 1934, Jacob Moreno alieleza njia ya kupima mahusiano ya kundi kwa kumwuliza kila mmoja angependa kuwa pamoja na nani. Kutokana na njia hiyo, G. Orville Johnson alichapisha mwaka 1950 uchunguzi uliofanywa katika jimbo la Illinois, Marekani, juu ya watoto wenye upungufu wa akili waliosoma katika madarasa ya kawaida. Aliona kwamba walitengwa na kukataliwa zaidi ya wenzao. Sababu walizotoa wenzao hazikuhusu kutojua kusoma. Zilihusu mwenendo, mathalani ugomvi na uchokozi. Mwaka 1974, Tanis Bryan aliwachunguza watoto wenye ulemavu wa kujifunza katika maana ya Kirk, akaona kwamba nao walichaguliwa kwa uchache na kukataliwa kwa wingi. Alipowafuata watoto hao mwaka uliofuata, wakiwa sasa miongoni mwa wenzao wapya, hali yao haikuwa imebadilika, naye akachapisha matokeo hayo mwaka 1976.

Matokeo haya yaliwafanya wengi waseme kwa kauli ya kutendeka: mtoto huyu hakubaliki, basi afunzwe namna ya kusalimu, ya kungoja zamu na ya kujiunga na mchezo ili akubalike. Mafunzo hayo hayana ubaya, na wapo watoto yaliyowafaa. Lakini yameacha swali la kauli ya kutendwa bila jibu. Mtoto anayechekwa kila asomapo hujifunza kugombana, na ugomvi wake ukatolewa baadaye kuwa sababu ya kumkataa. Kipimo kilichokuja mwishoni hakiwezi kuonyesha kilichotangulia. Isitoshe, madarasa mapya aliyoyakuta Bryan yalikuwa mapya kwa watoto tu. Mpango wa kusoma kwa sauti, wa kusahihishwa mbele ya watu na wa kupangwa kwa alama ulikuwa ni ule ule.

Mwaka 1954, Gordon Allport alikuwa amekwisha kutaja masharti ambayo kwayo kuwa pamoja hupunguza chuki baina ya makundi: hadhi sawa ndani ya kazi inayofanywa, lengo la pamoja, ushirikiano mahali pa mashindano, na kuungwa mkono na wenye mamlaka. Darasa linalosomewa nafasi za mtihani mbele ya shule nzima, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, huvunja masharti yote manne kwa tendo moja. Kwa hiyo haitoshi kumketisha mtoto miongoni mwa wenzake. Kuketi pamoja ni mahali. Kukubaliwa ni uhusiano.

Kauli ya kutendana ilipata mfano wake mwaka 1971 mjini Austin, katika jimbo la Texas, ambako Elliot Aronson na wenzake waliitwa kusaidia shule zilizokuwa na uhasama baada ya watoto wa rangi mbalimbali kuchanganywa. Waliligawa somo katika vipande, kila mtoto katika kundi dogo akapewa kipande chake, na hakuna aliyeweza kulijua somo zima asipowasikiliza wenziwe. Aronson amesimulia habari za mtoto aliyekwama kwa kuwa Kiingereza hakikuwa lugha yake ya kwanza. Mwanzoni wenzake walimcheka. Walipotambua kwamba kicheko chao kinawanyima kipande wanachokihitaji, walijifunza kumwuliza maswali ya kumtoa maneno. Hawakuhubiriwa huruma. Kazi ilibadilishwa, na usemi wao ukafuata.

Mfano huu hauwezi kuhamishwa bila hadhari. Shida iliyokuwako Austin ilihusu rangi na lugha, haikuhusu ulemavu. Mtoto mwenye disleksia akipewa ukurasa asome peke yake kisha awasimulie wenzake, njia hiyo hiyo itamfedhehesha kuliko zamani. Kipande chake lazima apewe kwa picha, kwa kitu cha kushikwa mkononi, au kwa kusimuliwa. Mwalimu anayeijua lugha ya Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kutafuta utaratibu wa namna hiyo. Katika utegaji wa vitendawili, aliyeshindwa kutegua hutoa mji, huambiwa jibu, na mchezo huendelea naye akiwamo. Kutojua kuna gharama, lakini gharama hulipika, na aliyeilipa hafukuzwi barazani. Zamu yake ya kutega ingaliko. Watoto wa Kiafrika waliufanya mchezo huo tangu zamani bila karatasi wala alama, na mtoto asiyeweza kusoma ukurasa aweza kuwa ndiye mtegaji anayeogopwa kuliko wote.

5. Hajui, hajajua, na kauli ya hu-

Mwalimu akimsema mtoto mbele ya wenzake, wao hujifunza sarufi ya kumsema. Akisema hajui kusoma, amefunga mlango. Akisema hajajua kusoma, ameuacha wazi, kwani kiambishi -ja- hudokeza kwamba jambo latarajiwa. Tofauti hii ndogo ndiyo tofauti ya mpumbavu na mjinga katika maana yake ya kale, na walimu wengi wema huitumia bila kuitambua.

Hata hivyo -ja- nayo ina kikomo. Ulemavu wa kujifunza si kuchelewa tu. Wapo watakaojifunza kusoma vyema, na wapo ambao kusoma kutawalemea maisha yao yote, hata wakiwa wazee. Darasa linalomkubali mtoto kwa sharti kwamba siku moja atakuwa kama wao limemkopesha tu heshima, na siku ya kudai itafika. Hapo ndipo hadithi ya kobe na sungura, ipendwayo sana katika vitabu vya shule za msingi, inapoponza. Kobe hupendwa kwa sababu alishinda. Msomaji mdogo haambiwi kobe angependwaje kama angefika wa mwisho, naye angali kobe.

Kiswahili kina kauli ya tatu: hu- ya mazoea. Yaweza kusemwa, huyu husoma kwa kusikiliza. Huyu huandika polepole. Huyu huhesabu kwa vidole kisha hupata jibu sahihi. Kauli hiyo haitaji upungufu wala haiahidi kupona. Hutaja njia. Tena kisarufi haichukui kiambishi cha nafsi: mimi husoma, wewe husoma, yeye husoma, na umbo la kitenzi ni lile lile kwa wote. Mwalimu akizoea kuyasema mazoea ya wanafunzi wake wote kwa namna hiyo, pamoja na wale wepesi, mwenye ulemavu huwa mmoja wa wenye njia zao.

6. Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na ya kuitwa kwa namna isiyomdunisha. Sera ya mwaka 2018 juu ya elimu ya wanafunzi wenye ulemavu inasisitiza wasome pamoja na wenzao. Mtihani wa KCPE, uliohitimisha shule ya msingi tangu mwaka 1985, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Nafasi ya mabadiliko imepatikana basi, lakini sheria humfikia mwalimu na haimfikii mtoto anayecheka katika dawati la nyuma. Anayemfikia huyo ni mwalimu mwenyewe, kwa jinsi anavyosema na kwa kazi anayogawa.

Kutokana na uhakiki huu, mambo matatu yanafaa kuzingatiwa katika idara zinazowafunza walimu wa Kiswahili. La kwanza, suala la ngeli lifundishwe kwa ukweli wake wote, ili mwanafunzi wa ualimu asidhani kwamba amemaliza wajibu wake kwa kuacha neno kilema huku akiendelea kumwita mtoto mvivu. La pili, istilahi ya mada hii iteuliwe kwa kujali mnyambuliko: kukubalika kusitumiwe mahali pa kukubaliwa, kwani kosa hilo la tafsiri humtwika mtoto mzigo wa wenzake. La tatu, mbinu za fasihi simulizi zisiachwe kwa kipindi cha fasihi peke yake. Utegaji wa vitendawili, usimulizi wa kupokezana na uimbaji wa kuitikiana ni njia za kazi ambazo asiyesoma kwa wepesi ana nafasi kamili ndani yake, na zaweza kubeba somo la historia au la sayansi pia.

Haya yote hayatamzuia mtoto kukwama katika silabi ya pili. Yatakayobadilika ni yanayofuata baada ya kukwama: kwamba wenzake wamngoje, kwa kuwa wanakihitaji kipande alicho nacho.